Siku moja kati ya chokaa na sururu

Fundi akishakabidhiwa kiwanja na ramani, haanzi kwa kuchimba. Anapigilia vigingi kwenye pembe, anavuta kamba, anahakiki mraba kwa ile tatu-nne-tano ambayo kila saidia fundi anaijua, kisha anamwaga chokaa kufuata kamba. Kamba zikiondolewa, jengo zima linabaki limelala chini. Katika udongo mwekundu wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, mistari ile myeupe inaonekana kwa mbali: hii wodi ya wazazi, hiki chumba cha kujifungulia, hapa mlango, pale stoo. Kwa saa kadhaa mtu anaweza kutembea ndani ya hospitali ambayo bado haijamaliza hata mfuko mmoja wa saruji. Kesho yake sururu zinafika, na kuanzia hapo kila kosa lililomo kwenye mistari ile linageuka kuwa zege. Hoja ya makala hii ni kwamba siku hiyo moja, kati ya chokaa na sururu, ndiyo siku ya thamani kuliko zote katika ujenzi wa hospitali zetu, na tunaiacha ipite mikono mitupu. Ilifaa muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa gari la wagonjwa, mtaalamu wa usingizi, mhudumu anayesukuma machela na mama anayefua mashuka waitwe kiwanjani, waingie ndani ya mistari, na waifanye kazi yao kwa kuigiza huku mhandisi akiwatazama.

Jambo hili si geni duniani, wala si mchezo. Wanaolifanya wana taaluma yake, ergonomia, ambayo kwa maneno ya kawaida ni elimu ya kuitengeneza kazi, vifaa na jengo vimfae binadamu jinsi alivyo: anachoka, anasahau, ana mikono miwili tu, na saa tisa usiku haoni vizuri kama saa tatu asubuhi. Huko Marekani, hospitali ya watoto ya Seattle ilipokuwa ikiandaa kliniki na vyumba vya upasuaji vya Bellevue, vilivyofunguliwa mwaka 2010, ilijenga vyumba vya maboksi kwa vipimo halisi ndani ya ghala. Madaktari na wauguzi waliingia humo wakasukuma vitanda, wakagongana, wakalalamika, na kuta za maboksi zikasogezwa palepale. Jimbo la Alberta, Kanada, limekwenda mbali zaidi: baraza lake la ubora wa afya limeandika mwongozo wa namna ya kupima chumba cha mfano kwa kuigiza matukio ndani yake kabla ya kujenga. Ghala na maboksi ni ghali kwa halmashauri ya Kigoma. Ila ukiyaondoa maboksi, kinachobaki ni vipimo halisi, watu halisi na tukio la kuigiza, na vipimo halisi sisi tunavyo tayari chini, vya chokaa, vimelipiwa.

Ni vyema kukumbuka tumejenga kiasi gani na kwa njia ipi. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilitenga Sh100.5 bilioni kwa ajili ya hospitali mpya 67 za halmashauri, Sh1.5 bilioni kwa kila moja, zianze na majengo saba: utawala, wagonjwa wa nje, maabara, mionzi, stoo ya dawa, kufulia, na wodi ya wazazi. Vituo vya afya navyo viliongezwa na kukarabatiwa kwa mamia, vingi kwa mgawo unaozunguka Sh500 milioni. Kazi imefanyika kwa utaratibu wa nguvu kazi, ule ambao kila mtu anauita fosi akaunti: fundi wa hapa hapa, vifaa vinanunuliwa na wenyewe, na wananchi wanaingia kwenye kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Ni utaratibu wenye heshima yake. Mkulima wa maharage wa Kasulu akiwa kwenye kamati ya mapokezi ana haki ya kuikataa nondo iliyopungua unene na saruji iliyoganda. Lakini kamati zote tatu zinalinda fedha na vifaa. Hakuna ya nne inayolinda kazi itakayofanyika humo ndani kwa miaka hamsini ijayo. Mjumbe anaweza kuuliza tofali hizi zimemwagiwa maji siku ngapi. Hana mahali pa kuuliza kwa nini mlango wa chumba cha kujifungulia unatazamana na ukuta badala ya kutazamana na njia ya upasuaji. Ramani imeshuka kutoka Dodoma, ikiwa na mhuri, na ramani yenye mhuri haijadiliwi.

Ramani hiyo ina ubaya gani? Haina ubaya ikiwa mezani. Shida inaanza inapofika kwenye kilima. Nyanda za juu za Buha, kwao Waha wa Kigoma, ni nchi ya vilima na mabonde. Ukitoka Kibondo kwenda Kasulu barabara inapanda na kushuka njia nzima, na kiwanja tambarare cha kutosha hospitali ni kitu cha kutafutwa. Mpango wa majengo yaliyotawanyika, kila huduma na jengo lake, ukiunganishwa na njia zenye paa, unakaa vizuri mahali palipo tambarare. Weka mpango uleule kwenye mteremko. Jengo la upasuaji likikaa mita 3 juu ya wodi ya wazazi, kipimo kinachopendekezwa kwa njia ya magurudumu, hatua 1 ya kupanda kwa kila hatua 12 za kwenda, kinadai njia ya mita 36 kwa kupanda peke yake, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia na kugeuzia. Kiwanja hakina mita 36, basi njia inafupishwa na kuwa mlima, au zinawekwa ngazi. Kwenye karatasi ni mstari ule ule. Lakini msukume juu yake mama mwenye kilo 70 akiwa kwenye kitanda cha chuma, wasukumaji wakiwa wawili, mmoja akiwa mhudumu mwenye umri wa miaka 55, ni mwezi Machi na mvua ya Kigoma inapiga ubavuni maana njia ina paa lakini haina ukuta. Huwezi kuliona hilo kwenye ramani. Utaliona ukikichukua kitanda chenyewe kutoka hospitali ya zamani, ukapakia mifuko miwili ya mchanga, ukakisukuma kupita pale chokaa ilipopita. Baada ya safari ya pili mhandisi hahitaji kuhubiriwa.

Na kitanda hakihitaji mlima ili kikwame. Kitanda cha wodi kina urefu wa mita 2 na ushee na upana wa karibu mita 1. Kwenye kona ya mraba ya korido yenye upana wa mita moja na nusu kitanda hicho kinapita kwa kubanwa, nacho kiko peke yake. Mgonjwa mahututi hasafiri peke yake: yupo anayeshika dripu ubavuni, yupo anayesukuma mtungi wa oksijeni, yupo anayebonyeza pampu ya hewa usoni. Kwenye kona hiyo mmoja wao hana pa kukanyaga, na atakayeachia kwanza ndiye aliyeshika kitu kilichokuwa kikimuweka mgonjwa hai. Mchora ramani alipima kitanda. Hakupima msafara.

Lakini mahali ambapo igizo lingelipa zaidi ni kwenye wodi ya wazazi, usiku. Kwa nchi nzima, utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 63 ya uzazi ukifanyika kwenye vituo. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 81. Kigoma yenyewe ilikuwa na historia ya pekee: kuanzia mwaka 2006, kupitia mradi uliofadhiliwa na taasisi ya hisani ya Bloomberg, vituo vya afya vya vijijini viliwekewa vyumba vya upasuaji na madaktari wasaidizi wakafundishwa kufanya upasuaji wa uzazi, ili mama asisafirishwe kilomita nyingi akivuja damu. Wanawake waliitwa hospitali, wakaitika. Sasa tuwatazame wakiwa ndani. Katika vituo vingi zamu ya usiku ni mkunga mmoja, pengine na mhudumu mmoja. Mkunga huyo anawahudumia walio kwenye uchungu, anawatazama waliokwisha kujifungua, anapokea anayeshushwa kwenye bodaboda, na anaandika. Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga ana dakika moja ya kumkausha, kumsafisha njia ya hewa na kuanza kumpa hewa. Wakufunzi wanaiita dakika ya dhahabu. Je, meza ya kumhudumia mtoto iko umbali gani na kitanda cha mama? Ikiwa iko chumba cha jirani kwa sababu kwenye ramani kulikuwa na nafasi huko, mkunga akimkimbilia mtoto anampa mama kisogo, na kutoka damu baada ya kujifungua hakungoji zamu yake. Hili ni swali la mita tatu au nne. Halihitaji bajeti mpya, linahitaji mtu aliyewahi kuwa peke yake usiku ule asimame kwenye mistari na kusema, hapa simuoni mama.

Ipo njia rahisi ya kuliona hilo hata kwa asiye mkunga. Mfunge mkunga uzi kiunoni, ncha nyingine iwe kwenye kigingi pale itakapokuwa meza yake, kisha mpe usiku wa kuigiza: mama wa kwanza anajifungua, wa pili anaita, glovu ziko stoo, dawa ya kuzuia damu iko kwenye friji, maji yako nje, kondo la nyuma linapelekwa shimoni nyuma ya jengo. Kila anapogeuka, mwenzake anapigilia kigingi kidogo ili uzi uzunguke. Baada ya nusu saa tazama chini. Utaona utando, na mahali uzi ulipojaa ndipo jengo linapomla mkunga nguvu zake. Huenda friji ikisogezwa ukuta wa pili nusu ya utando inaondoka. Huenda shimo la kondo likigeuziwa upande wa taa, mkunga hatatoka nje gizani na ndoo huku akiwaacha wanawake watatu bila mtu. Mambo madogo kabisa, yanachosha hata kuyaandika gazetini. Lakini kazi ya usiku imejengwa kwa madogo hayo.

Ushahidi uko wapi? Hapa inabidi kusema kweli yote. Tanzania ina ushahidi mzito juu ya maigizo, ila ni maigizo ya kufundisha timu. Kutoka hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, zilianza juhudi ambazo zilikuja kuwa mpango mkubwa wa uzazi salama katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Watumishi walifanya mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, papo hapo wodini, kwa midoli ya mama na mtoto, wakitumia takwimu za kituo chao wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Tabora na Geita ni majirani wa Kigoma, watumishi wao ni wa shule zilezile na mishahara ileile. Hilo linathibitisha kwamba kuigiza dharura mahali pa kazi, na watu wa mahali hapo, kunaweza kubadili kinachotokea dharura ya kweli inapofika. Halithibitishi kwamba kuigiza ndani ya mistari ya chokaa kunaokoa maisha. Kuhusu majengo, ushahidi mwingi ni wa namna nyingine: hatari zilizogunduliwa mapema, kuta zilizosogezwa zikiwa bado maboksi. Atakayedai zaidi ya hapo anauza kitu. Mimi sidai zaidi. Ninachosema ni kwamba kosa la jengo ni tofauti na kosa la mtu kwa jambo moja: mtu anaweza kufundishwa upya kesho, ukuta unarudia kosa lile lile kila usiku hadi utakapobomolewa. Kwa hiyo hata ugunduzi mdogo unazaa faida kwa miaka mingi, na gharama yake ni siku moja.

Kwamba jengo lenyewe linaweza kuua au kuponya, hilo halina ubishi. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa zote, na 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamewahi kulazwa. Dalili zilionyesha kwamba ugonjwa ulipita wodini, hewani, kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Miaka michache baadaye, katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, Wizara ya Afya ya nchi hiyo, shirika la Partners In Health na wasanifu wa MASS Design Group walijenga hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011. Somo la Tugela Ferry lilionekana kwenye kila chumba: korido za ndani, ambako wagonjwa hukaa wakisubiri na kukoholeana, ziliondolewa zikawekwa nje kama baraza, vitanda viliwekwa vichwa vikielekea ukuta mfupi wa katikati ili mgonjwa atazame dirisha na vilima badala ya kutazama uso wa mwenzake, mapangaboi makubwa na madirisha ya juu yakaivuta hewa itoke. Burera ni nchi ya vilima na mvua, mawe na wakulima wadogo. Mtu wa Kibondo akifika kule hatajiona ugenini sana. Na ukitazama kilichofanyika, hakuna mtambo wa ajabu: kuna kujiuliza mgonjwa atakaa wapi, atatazama wapi, na hewa aliyoitoa itakwenda wapi, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Nyanda za Buha zina mwalimu mwingine, wa karibu zaidi, ambaye hatumtaji tunapozungumzia majengo. Ni kambi za wakimbizi. Nyarugusu, Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996, na Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika. Mwaka huo huo kipindupindu kilizuka miongoni mwa wakimbizi waliokwama Kagunga, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Kituo cha kipindupindu ni hospitali ya kamba na turubai, na kamba ile ina akili kuliko kuta nyingi: kuna mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea, wanaoshukiwa hawachanganyiki na waliothibitika, anayetoka anakanyaga klorini, na maiti ina njia yake. Kila hatua ya mtu imefikiriwa kabla mtu hajafika. Mpangilio ukikosewa, kamba inahamishwa kabla ya chakula cha mchana. Wapo wauguzi, wahudumu na vibarua wa Kasulu na Kibondo waliofanya kazi kambini na kuijua elimu hii kwa miguu yao. Halmashauri zile zile zikijenga kwa zege, elimu hiyo haiulizwi, kana kwamba ilihusu wakimbizi tu. Na haja yake haijaisha. Januari 2025 Serikali ilithibitisha mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, Kagera, si mbali na mpaka wa Kigoma kwa upande wa Kakonko. Mshukiwa wa Marburg hafiki na bango shingoni. Anafika kwa bodaboda, ana homa kama ya malaria, anaketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje kati ya mtoto na bibi. Benchi hilo liko wapi, na kutoka hapo hadi chumba cha kumtenga atawapita watu wangapi? Yule aliyemhudumia atavulia wapi mavazi ya kinga bila kurudi alikotoka? Igizo la robo saa juu ya chokaa lingejibu, na jibu pengine lingekuwa kuongeza mlango mmoja.

Atainuka msomaji aseme: hospitali zetu hazina wauguzi wa kutosha, dawa zinaisha, damu haipo, na wewe unatuletea michezo ya uzi na chokaa. Pingamizi hili ni zito, tena linasemwa na watu wanaoifahamu kazi. Lakini tulifuate hadi mwisho wake. Kama wauguzi wangekuwa tele, jengo baya lingevumilika: mmoja angekaa na mama, mwingine angekimbia na mtoto, wa tatu angekwenda stoo. Penye mkunga mmoja ndipo kila mita inapokuwa na bei. Uhaba wa watu ndiyo sababu ya kwanza ya kulipanga jengo vizuri. Mwenye ng'ombe mia hajali zizi likiwa mbali na mto. Mwenye ng'ombe mmoja anajali. Wala siku ya igizo haimnyang'anyi mtu dawa: chokaa imeshamwagwa, kitanda kipo, na posho ya chakula cha watu kumi na wawili haiwezi kuajiri hata muuguzi wa mwezi mmoja.

Pingamizi la pili linatoka ofisini, nalo lina haki yake. Ramani moja kwa nchi nzima imeokoa fedha na muda. Imezuia kila mkurugenzi kuchora hospitali ya ndoto zake. Imewezesha kulinganisha gharama za Kasulu na za Tandahimba na kumuuliza aliyezidisha. Tukifungua mlango wa mabadiliko, mafundi na wajanja watapita humo humo. Na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30; fedha zikichelewa, kila siku ni vita. Nakubali karibu yote. Ndiyo maana sipendekezi ramani mpya kwa kila kilima. Ramani ina mambo ambayo hayaguswi: nguzo, mihimili, ukubwa wa vyumba, idadi ya majengo. Ina mengine ambayo yanaweza kuguswa bila kuongeza tofali hata moja, kwa mfano jengo ligeuzwe upande gani, lipi likae juu na lipi chini ya mteremko, mlango ufunguke kulia au kushoto, sinki na meza ya mtoto na soketi za umeme vikae ukuta upi. TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, ikiandika kwenye ramani zake, waziwazi, yapi yanaruhusiwa kuamuliwa kiwanjani, mhandisi wa halmashauri atakuwa na kinga ya kusogeza na mkaguzi atakuwa na kipimo cha kukagulia. Kuhusu muda, hesabu ni rahisi hata kama haipendezi. Siku moja kabla ya kuchimba ni siku moja. Kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa lipu ni wiki kadhaa, na kwa kawaida haubomolewi: watumishi wanazoea, na kuzoea huko hakuandikwi kwenye hesabu ya mradi.

Kuna shaka ya tatu ambayo mimi naiogopa zaidi ya hizo mbili, kwa sababu inaweza kuliua jambo lenyewe kwa upole. Igizo likifanywa mbele ya wakubwa linageuka kuwa sherehe. Mganga mkuu wa wilaya amekuja, mkurugenzi amekuja, pengine na mkuu wa wilaya na kamera. Mhudumu wa wodi anaulizwa kama mlango unatosha, naye anajibu unatosha sana, mheshimiwa. Adabu yetu mbele ya wakubwa ni nzuri msibani na harusini. Kwenye chokaa ni hatari. Kwa hiyo wakubwa wasialikwe asubuhi. Waje jioni, waonyeshwe uzi na orodha. Anayeongoza asiwe bosi wa yeyote kati ya wanaoigiza. Mkufunzi wa chuo cha uuguzi anafaa, au mkunga kutoka wilaya nyingine. Na watumishi wasiulizwe maoni, maana maoni yanaweza kupakwa sukari. Wapewe kazi ya kufanya, halafu kihesabiwe kilichotokea: hatua ngapi, kitanda kiligonga wapi, nani alimwacha mgonjwa na kwa sekunde ngapi. Kitanda hakina adabu, kikikwama kimekwama. Wapo pia watakaosema watumishi hawa watahamishwa kabla jengo halijaisha, na kweli uhamisho ni sehemu ya maisha ya mtumishi wa umma. Lakini mkunga wa Kibondo na yule atakayemrithi kutoka Songea wana mikono miwili kila mmoja na urefu unaokaribiana. Kinachopimwa ni kazi, na kazi haihami.

Umeme uingie pia kwenye igizo. Miji hii iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na hata sasa ilipoungwa kwenye gridi ya Taifa, wataalamu wa wodini wanajua kwamba taa huzimika. Mwongozaji apige makofi, aseme umeme umekatika, mama yuko mezani. Nani anakwenda kuwasha jenereta, liko nyuma ya jengo lipi, na ufunguo anao nani? Swali la ufunguo mhandisi hawezi kulijibu kwa ramani, lakini akilisikia huenda akalisogeza banda la jenereta karibu na mlinzi.

Kundi moja limesahaulika katika kila ramani niijuayo, nalo ni ndugu. Hospitali zetu zinaendeshwa kwa nusu na ndugu: wao wanaleta ugali na maharage, wanafua kanga za mzazi, wanamgeuza mgonjwa, wanamkimbilia nesi koridoni kumwambia hali imebadilika. Ramani inawajua kama tatizo la kuzuiwa getini. Basi wanajipangia wenyewe: moto wa mafiga matatu nyuma ya wodi, moshi ukiingia dirishani, nguo zikianikwa juu ya uzio wa kichomea taka, na usiku mikeka ikitandikwa kwenye ile ile njia yenye paa ambayo kitanda cha kwenda upasuaji kinatakiwa kuipita. Kwenye siku ya chokaa aalikwe bibi mmoja aliyewahi kumuuguza binti yake wodini. Asipewe risala wala kiti cha mbele. Apewe sufuria, ndoo na bunda la kanga mbichi, aambiwe kwa Kiha kwamba mzazi wake amelala pale penye kigingi cha pili, kisha mhandisi na kamati yake wakae kimya watazame anakwenda wapi.